Kukata kitambaa kwa kufuata ua: kwa nini yadi mbili na nusu huwa tano

Umenunua kitenge Ifakara, chenye ua kubwa jekundu lililokuvutia tangu ulipoliona dukani. Umekipeleka kwa fundi cherehani hapa Lupiro akushonee shuka la viraka la kumfunika mtoto. Siku ya kuchukua, ua halionekani vizuri. Kiraka kimoja kina nusu ya ua, kingine kina majani tu, kingine rangi tupu. Fundi anasema kitambaa kilikuwa kidogo, wewe unasema fundi ameharibu. Mara nyingi ukweli ni kwamba hakuna aliyepiga hesabu kabla ya kushika mkasi.

Kukata kwa kufuata ua maana yake ni kuchagua picha iliyo kwenye kitambaa, iwe ua, ndege au embe, na kuikata ili ikae katikati ya kila kiraka. Shuka hupendeza, lakini kitambaa kinachotumika ni kingi kuliko wengi wanavyodhani.

Hesabu ikoje?

Tuchukue mfano wa shuka la viraka 30, vitano kwa upana na sita kwa urefu. Kila kiraka kikishashonwa kina inchi 10 kila upande, kwa hiyo shuka litakuwa na inchi 50 kwa 60. Wakati wa kukata, ongeza nusu inchi ya mshono kila upande. Kila kipande kitakatwa inchi 11.

Kitenge chenye upana wa inchi 45 kinatoa vipande 4 kwa mstari. Ukikata bila kujali ua, utahitaji mistari 8, yaani inchi 88. Hizo ni pungufu kidogo ya yadi mbili na nusu.

Sasa pima kutoka katikati ya ua moja hadi katikati ya ua jingine linalofanana nalo. Tuseme ni inchi 15 kwa upana na inchi 18 kwa urefu. Kwa upana yanaingia maua 3 tu. Viraka 30 vitahitaji mistari 10 yenye inchi 18 kila mmoja. Jumla ni inchi 180, yaani yadi 5. Ni mara mbili ya kitambaa ulichodhani.

Nikiwa na fedha kidogo nifanyeje?

Weka ua kwenye viraka 15 tu, na vingine 15 vikate kwenye kitambaa cha rangi moja, kisha uvipishanishe. Kitenge kitatosha yadi mbili na nusu, na kitambaa cha rangi moja kitatosha yadi moja na robo. Vipande vyembamba vinavyobaki kati ya maua visitupwe. Viunganishe viwe pindo la shuka.

Hatua za kukata

1. Fua kitambaa kwanza, kikauke, kisha kipige pasi. Kitambaa kipya cha pamba huweza kuruka au kutoa rangi. Kikiruka baada ya kushonwa, viraka hujikunja.

2. Tengeneza dirisha la boksi. Kata boksi gumu lenye inchi 11 kila upande, kisha toboa katikati yake dirisha la inchi 10. Kinachoonekana dirishani ndicho kitakachoonekana kwenye shuka.

3. Sogeza dirisha juu ya kitambaa mpaka ua likae katikati. Weka alama kwenye boksi mahali kikonyo na petali zinapogusa ukingo, ili maua yote yakae namna moja.

4. Chora kwa chaki kufuata ukingo wa nje. Chora vipande vyote na uvihesabu kabla ya kukata hata kimoja.

5. Kata kitambaa kikiwa tabaka moja. Ukikikunja, ua la chini halitalingana na la juu.

6. Ua likikulazimisha kukata kwa mshazari, usikivute kipande wakati wa kushona, kwa sababu hurefuka upande mmoja.

Na kanga je?

Simulizi za Pwani zinasema kanga yenyewe ilianza kwa kuunganisha. Katika karne ya 19, wanawake walishona leso 6 pamoja kupata nguo moja ya kujifunga.

Kanga ina pindo, mji na jina. Kama mji una picha moja kubwa katikati, doti nzima inakupa picha mbili tu. Kwa hiyo picha hiyo inafaa kuwa kitovu cha shuka, izungukwe na viraka vya kitambaa kingine.

Jina likate likiwa kamili, uliweke ukingoni. Kanga iliyoandikwa "Sina ubaya na mtu" ukiikata vibaya inaweza kubaki "Ubaya na mtu", na mgeni akalisoma hivyo kitandani kwako.

Kama ni kanga ya marehemu mama au bibi, usianze nayo. Jaribu kwanza kwenye kitambaa cha bei nafuu. Kisha piga picha ya kanga nzima kwa simu kabla ya kuikata, kwa kuwa nyingine kama hiyo hutaipata.

Kabla ya kumwachia fundi kitambaa

Mweleze unataka ua gani na likae wapi. Pimeni pamoja umbali kati ya maua, na muulize zinahitajika yadi ngapi. Ni bora zaidi ukimwuliza kabla ya kwenda dukani, ukiwa na picha ya kitambaa kwenye simu. Kikipungua utalipa nauli ya kurudi Ifakara, na huenda ukakuta kitenge chenye ua lile kimekwisha.