Programu jalizi za Java: kutoka Pig hadi NiFi

Kila mfumo wa kuchakata data hufika mahali ukasema: mimi nimekomea hapa, sehemu iliyobaki andika mwenyewe. Hapo ndipo programu jalizi huingia. Wengi wanaoanza kazi hii huukuta mlango huo uko wazi, wakadhani ulikuwapo tangu jadi. Leo tutazame ulivyofunguliwa.

Tuanze 2004. Mwaka huo Jeffrey Dean na Sanjay Ghemawat wa Google walichapisha makala kuhusu MapReduce, yaani njia ya kugawia kazi moja kubwa ya data kompyuta nyingi za kawaida. Doug Cutting na Mike Cafarella, waliokuwa wakijenga injini huria ya utafutaji iitwayo Nutch, waliichukua njia hiyo na kuiandika upya kwa Java. Mwaka 2006 Cutting alijiunga na Yahoo, na sehemu ile ya Nutch ikatengwa kuwa mradi unaojitegemea. Ukaitwa Hadoop, jina la ndovu wa kuchezea wa mtoto wake.

Hadoop ilikuwa na nguvu, ila iliwachosha watu. Hata kazi ndogo ya kupanga data katika mafungu na kuhesabu ilitaka Java ya kurasa nzima. Ndiyo maana watafiti wa Yahoo wakatengeneza Pig, iliyoingia Apache mwaka 2007. Lugha yake, Pig Latin, hufanya kazi ile ile kwa mistari michache tu.

Lakini lugha fupi hujua yale tu ambayo watungaji wake waliyaweka. Chukua namba za simu za Kenya. Mmoja kaandika 0722, mwingine 254722, wa tatu kaanza na alama ya kujumlisha. Kabla ya kuunganisha majedwali mawili lazima zote ziwe na sura moja. Mhandisi aliye California angejuaje shida hiyo? Basi Pig ikaacha mlango. Unaandika klasi ya Java inayorithi EvalFunc, unaweka ndani yake methodi iitwayo exec, nayo inapokea thamani za rekodi moja na kurudisha jibu. Unaifunga klasi katika faili la jar, kisha kwenye skripti yako unaandika REGISTER. Pig yenyewe huisambaza jar hiyo kwa kompyuta zinazofanya kazi. Kulikuwa hata na ghala la fanksheni zilizochangwa na watumiaji, likaitwa Piggybank, yaani kibubu.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye hatari. Rekodi mbovu ikija, exec ifanye nini? Desturi ya Pig ilikuwa hivi: kama kasoro ni ya rekodi hiyo pekee, toa onyo na urudishe null, kama kasoro itaharibu kila kitu, tupa IOException na kazi isimame. Ni desturi ya busara, kwa sababu kazi ya saa sita haifai kufa kwa ajili ya mstari mmoja. Lakini ukirudisha null bila kutoa onyo, umefukia shimo kwa majani. Mwaka 2019 Kenya ilipoanza kutumia namba zinazoanza na 01, programu jalizi yoyote iliyodhani kila simu ya mkononi ni 07 ingewageuza wateja hao kuwa null. Ripoti ingetoka kwa wakati, imepangika vizuri, na watu hawamo. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Hatari ya pili ni ugomvi wa maktaba. Programu jalizi yako inataka toleo moja, ya jirani inataka toleo jingine la maktaba hiyo hiyo, na zote zinaishi ndani ya JVM moja. Jibu moja zuri lilitoka kusikotarajiwa: shirika la ujasusi la Marekani, NSA, ambalo mwaka 2014 lilitoa huria mfumo wake, leo Apache NiFi. Humo programu jalizi hufungwa katika faili la NAR, pamoja na maktaba zake, na kila NAR hupewa kipakia klasi chake. Ni kama wapangaji wa ploti moja, kila mtu na jiko lake.

Pig imepungukiwa na watumiaji; wengi walihamia Spark. Lakini mkataba wake ungali hai: fanksheni ndogo, ingizo moja, jibu moja, mfumo hufanya mengine. Anayeandika programu jalizi leo, kwa mfumo wowote, aanze na rekodi ambayo hakuitarajia. Aamue itaonekana wapi ikikataliwa, na nani atahesabu zilizokataliwa. Jibu la rekodi nzuri ni rahisi kuandika baadaye.