Rose Bowl ya 1942: Timu ya chuo iliyoshinda ikiwa na pengo la mchezaji mmoja

Novemba 29, 1941, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo cha Oregon State, kilichoko katika mji wa Corvallis magharibi mwa Marekani, iliilaza Oregon kwa pointi 12 kwa 7 na kutwaa ubingwa wa vyuo vya pwani ya Pasifiki. Kwa mara ya kwanza katika historia yake, timu hiyo ya kocha Lon Stiner ilipata tiketi ya Rose Bowl, mchuano mkubwa unaochezwa kila mwanzo wa mwaka katika mji wa Pasadena, California. Mpinzani wake angekuwa Chuo Kikuu cha Duke kutoka jimbo la North Carolina, ambacho hakikuwa kimepoteza mchezo hata mmoja msimu huo.

Siku 8 baadaye, ndege za Japani zilishambulia kituo cha jeshi la wanamaji cha Pearl Harbor, Hawaii, na Marekani ikaingia katika Vita vya Pili vya Dunia.

Mchezo wahamishwa

Jenerali John DeWitt, aliyesimamia ulinzi wa pwani ya magharibi, alihofia kwamba mkusanyiko wa maelfu ya watu uwanjani ungekuwa shabaha rahisi kwa adui. Mchezo wa Pasadena ukapigwa marufuku. Duke ikajitolea kuwa mwenyeji katika uwanja wake wa Durham, upande wa pili wa nchi, na vijana wa Oregon State wakajiandaa kwa safari ya treni ya siku kadhaa.

Jack Yoshihara hakupanda treni hiyo. Alizaliwa Japani, akaletwa Marekani akiwa mtoto mdogo na kukulia katika mji wa Portland. Alikuwa mwanafunzi na mchezaji kama wenzake, lakini sheria ya wakati huo haikumruhusu mtu aliyezaliwa Japani kuomba uraia wa Marekani. Maafisa wa upelelezi wa FBI walifika mazoezini na kumjulisha kwamba hangeruhusiwa kusafiri na timu. Wenzake wakaondoka, yeye akabaki.

Ushindi wa mvuani

Januari 1, 1942, watazamaji wapatao 56,000 walijaa katika uwanja wa Durham, ambako viti vya ziada vilikuwa vimeazimwa kutoka vyuo jirani. Mvua ilinyesha na nyasi ziliteleza. Wengi waliipa Duke nafasi kubwa ya kushinda.

Don Durdan aliifungia Oregon State kwanza. Duke ikasawazisha, ikapitwa, kisha ikasawazisha tena, hata matokeo yakawa 14 kwa 14. Ndipo Bob Dethman alipomrushia mpira Gene Gray, naye akakimbia nao hadi mstari wa mwisho, katika shambulizi lililovuka zaidi ya mita 60 za uwanja. Duke iliongeza pointi 2, lakini mchezo ukaisha 20 kwa 16. Oregon State ikawa bingwa wa Rose Bowl. Mchuano huo haukuchezwa tena nje ya Pasadena hadi Januari 2021, wakati wa janga la Uviko-19.

Wapinzani wawa wenzi wa vita

Baada ya msimu huo, wachezaji wengi wa timu zote mbili walivaa sare za jeshi. Wanne kati yao waliuawa vitani. Gene Gray akawa rubani wa kivita, na baada ya vita alipoteza mikono yote miwili katika ajali ya ndege. Ndiyo mikono iliyoudaka mpira wa ushindi.

Nchini Italia, Charles Haynes wa Duke alijeruhiwa vibaya, na Frank Parker wa Oregon State akasaidia kumwokoa. Wallace Wade, kocha wa Duke, alijiunga na jeshi akiwa na umri wa karibu miaka 50. Katika baridi kali ya mapambano ya Ardennes, alikutana na Stanley Czech, mmoja wa vijana waliomshinda Durham, wakanywa kahawa pamoja.

Hatima ya aliyebaki

Februari 19, 1942, Rais Franklin Roosevelt alitia saini amri iliyofungua njia ya kuwahamisha kwa nguvu watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani kutoka pwani ya magharibi. Takriban theluthi mbili yao walikuwa raia wa Marekani. Yoshihara alilazimika kuacha masomo, na hatimaye akapelekwa katika kambi ya Minidoka, jimbo la Idaho, iliyozungushiwa seng'enge.

Mwaka 1988, serikali ya Marekani iliomba radhi rasmi na kuidhinisha fidia ya dola 20,000 kwa kila aliyepitia kambi hizo na bado yuko hai. Chuo nacho kilijirekebisha polepole: mwaka 1985 Yoshihara alipewa pete ya mabingwa wa Rose Bowl, na mwaka 2008 akatunukiwa shahada ya heshima pamoja na wanafunzi wengine wa wakati wake waliokatiziwa masomo kwa sababu ya asili yao. Alifariki dunia mwaka uliofuata, miaka 67 baada ya treni ya Durham kuondoka bila yeye.