Msitu wa Unyamwezi si Pori Tu

Watu wengi wa mjini wakipita Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, wakaona miombo imetanda, husema hilo ni pori. Wanadhani limejiotea tu. Wiki hii napenda tukumbushane kwamba msitu huo una historia, kama ilivyo Tabora yenyewe.

Katika karne ya 19 misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika Unyanyembe. Burton na Speke walifika hapo mwaka 1857. Livingstone alikaa Kwihara mwaka 1872. Vitabu hutusimulia zaidi pembe za ndovu na watumwa. Lakini Wanyamwezi waliobeba mizigo ile walikuwa pia wakulima, wahunzi na warina asali. Msitu uliwapa asali, uyoga, dawa, kamba za magome na mkaa wa kuyeyushia chuma. Wakati wa Wajerumani nta iliuzwa ng'ambo, na mwaka 1912 reli ikafika Tabora.

Msitu huo haukulindwa na sheria peke yake. Bwana misitu mkali kuliko wote alikuwa mbung'o. Vita vya karne ile na sotoka ya miaka ya 1890 vilipunguza watu na mifugo, mapori yakarudi. Kisha, katika miaka ya 1920 na 1930, serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu kwa kuogopa malale, ikawakusanya katika makazi maalumu. Palipokuwa na mashamba pakaota miti. Kwa hiyo sehemu ya msitu tunaoudhani wa tangu na tangu ni mahame ya babu zetu.

Mpango wa karanga uliposhindwa Urambo, tumbaku ilishika nafasi yake kuanzia miaka ya 1950. Tumbaku ya mvuke hukaushwa ndani ya bani kwa moto wa kuni, takriban wiki nzima. Mkulima hukata miti mara mbili: kwanza kupata shamba, pili kupata kuni.

Simlaumu mkulima huyo. Tumbaku ndiyo ada ya shule na bati la nyumba. Hata mrina asali wa jadi huua mti anapobandua gome la kutengenezea mzinga. Tofauti ni kwamba mzinga mmoja hutumika miaka kadhaa, na mwenye mzinga hutaka miti inayobaki iendelee kutoa maua.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kumiliki na kusimamia msitu wake. Kijiji kinaweza kutenga sehemu ya mizinga, sehemu ya kuni, na sehemu ya kuachwa ichipue, kwani miombo mingi huchipua tena kisikini. Lakini mwanakijiji atalinda msitu ikiwa tu ushuru wa mbao na mkaa unaingia katika mfuko wa kijiji chake, nasi tunaolalia vitanda vya mninga na kupikia mkaa tukakubali kulipa bei ya haki.

Wahenga walisema, fuata nyuki ule asali. Nyuki naye hufuata maua. Tukimaliza miti, tutamfuata wapi?