Nyota Inayopwita Juu ya Menengai

Kwa kuwa ikweta i karibu, jioni za Septemba nyota Eta Aquilae hupita takriban utosini mwa anayesimama hapa Menengai. Itazame usiku kadhaa mfululizo: hung'aa, hufifia, hung'aa tena, kila siku 7 na ushee, maana nyota yenyewe hutanuka na kunywea.

Mwaka 1912 Henrietta Leavitt wa Marekani alionyesha, kwa nyota 25 za namna hii katika Wingu Dogo la Magellan, kwamba inayopwita polepole zaidi ina nuru kubwa zaidi. Ugunduzi mkubwa mno! Ukishajua nuru halisi, ufifi unaouona hukupa umbali.

Wingu hilo, lililo miaka ya nuru 200,000 hivi kutoka kwetu, litafute kusini mwanzoni mwa Desemba, saa mbili usiku, mbali na taa za mji.