Kabla ya Kisanduku cha Kutafuta: Barua Pepe Zetu Garissa

Leo nataka tukumbuke tulikotoka kidogo.

Mwaka 2003 nilikuwa Garissa. Intaneti ilikuja kwa laini ya simu na kila dakika ililipiwa, kwa hiyo tulikuwa tunaunganisha, tunashusha barua zote, tunakata, kisha tunasoma taratibu. Mimi nilitumia Eudora, programu iliyoandikwa na Steve Dorner mwaka 1988. Nilikuwa na folda zaidi ya 40, na nilijiona mpangaji hodari!

Siku moja mpwa wangu akaniuliza, "Abti, chuo hakijajibu?" Hakuwa na anwani yake, alitumia yangu. Nikatafuta kwa mada: hakuna. Nikaanza kutafuta ndani ya barua, folda baada ya folda. Umeme ukakatika. Kesho yake nikaendelea. Barua ilikuwa imejificha kwenye folda ya kazi, mada yake "Re:" tu. Tarehe ya kuthibitisha nafasi ilikuwa imepita jana yake. Alisubiri mwaka mzima.

Kwa nini ilichelewa hivyo? Folda ya Eudora ilikuwa faili moja ndefu, barua zikifuatana, mtindo uliorithiwa kutoka Unix. Pembeni kulikuwa na faili ndogo yenye mtumaji, mada na tarehe. Ukitaka neno lililo ndani ya barua, kompyuta ilisoma yote toka mwanzo. Fikiria maktaba ya ngamia iliyoanza hapo Garissa mwaka 1996: kama huna orodha ya vitabu, utafungua kila sanduku.

Dawa ni faharasa. Programu inasoma barua mara moja tu inapoingia, na kuandika kila neno limo katika barua zipi. Ukiuliza, inatazama orodha hiyo, haifungui masanduku. Gmail, iliyozinduliwa tarehe 1 Aprili 2004 ikiwa na nafasi ya GB 1, ilitanguliza kutafuta badala ya folda. Desemba 2009 Thunderbird 3 ikaleta faharasa ya folda zote ndani ya kompyuta yako, hata ukiwa nje ya mtandao. Hiyo ndiyo tungeihitaji Garissa.

Siku hizi ninaandika programu, na nina folda 3 tu. Kila ninapojenga sehemu ya kutafuta, najiuliza: je, itaiona barua yenye mada "Re:"?

Haya, tuonane tena.