Jaji aliyefungua mlango, kisha akaurudishia

Januari 1969, katika jimbo la Iowa, Marekani, John Morrissey alikamatwa tena. Miezi saba nyuma alikuwa ametoka gerezani kwa parole, yaani kumalizia kifungo uraiani chini ya masharti, utaratibu ambao Tanzania iliutungia sheria yake mwaka 1994. Kosa lake la awali lilikuwa la hundi za uongo. Safari hii afisa aliyemsimamia aliripoti kwamba amenunua gari na kuchukua mkopo kwa jina la bandia. Wiki moja tu baadaye, bodi ya parole ikaisoma ripoti na kuifuta parole yake. Bodi haikumwita Morrissey wala kumuuliza.

Siku hizo parole ilihesabiwa hisani, na hisani haidaiwi. Yeye akadai. Juni 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimkubalia. Jaji Mkuu Warren Burger aliandika kwamba aliye nje, anayefanya kazi na kuishi na jamaa zake, ana uhuru unaolindwa na Marekebisho ya 14 ya Katiba. Kabla ya kunyang'anywa aelezwe tuhuma kwa maandishi, aoneshwe ushahidi, alete mashahidi, asikilizwe na wasioegemea upande.

Waliokuwa bado ndani wakaona zamu yao imefika. Wafungwa wa Nebraska wakafika mahakama hiyohiyo mwaka 1979, wakamkuta Burger yuleyule. Kunyang'anywa ulichonacho, alisema, si sawa na kunyimwa unachokitamani. Katiba haimpi mfungwa haki ya kutoka kabla ya siku zake. Aliyewahi kuhesabu siku gerezani sidhani kama angeuona mpaka huo kwa urahisi hivyo.

Hata hivyo ulibaki upenyo. Sheria ya Nebraska ilisema bodi "itaamuru" mfungwa aachiwe, isipokuwa kwa sababu zilizotajwa. "Ita" hiyo ilizaa haki, ingawa ndogo: kuhojiwa, na kuambiwa sababu ya kukataliwa. Wafungwa wa Montana waliutumia upenyo huohuo mwaka 1987 wakashinda. Sheria ikisema bodi "inaweza", hoja hiyo haina pa kushika. Uhuru wa watu ukaning'inia kwenye kiambishi.

Januari 2011 ilikuwa zamu ya California. Mfungwa alilalamika kwamba bodi haikuwa na ushahidi kuwa bado ni hatari, na mahakama ya rufaa ikampa ushindi. Mahakama ya Juu ikautengua bila kusikiliza hoja za mdomo: alisikilizwa, alipewa sababu, basi.