Wazi kwa Nani? Vitabu, Takwimu na Lugha katika Mpaka wa Busia na Tororo

Mwaka 1996 shule 25 za msingi katika wilaya za Busia na Teso, magharibi mwa Kenya, zilipokea vitabu vya kiada bila malipo. Vilikuwa vitabu rasmi vya mtaala wa serikali, vya Kiingereza, hisabati na sayansi, vilivyotolewa na shirika la Kiholanzi lililokuwa likihudumu katika eneo hilo. Shule hizo zilichaguliwa kwa bahati nasibu kutoka katika kundi la shule 100, ili alama za wanafunzi waliopata vitabu ziweze kulinganishwa na za wale ambao hawakuvipata. Matarajio yalikuwa yale ya kila mzazi na kila waziri wa elimu: mtoto akishika kitabu mkononi, atajifunza zaidi.

Haikuwa hivyo. Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin, waliochapisha uchambuzi wao mwaka 2009, walikuta kwamba wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wanafunzi waliokuwa tayari mbele darasani kabla vitabu havijafika. Maelezo waliyoyatoa yanamhusu mtafiti wa lugha kuliko mtu mwingine yeyote: vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, na kwa wengi wa watoto hao Kiingereza kilikuwa lugha ya tatu, baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili. Wengi hawakuweza kuvisoma.

Makala haya yanaanza na vitabu hivyo kwa sababu vinaonyesha kosa ambalo limerudiwa mara nyingi katika historia ya mpaka huu, na ambalo sasa linarudiwa katika mjadala wa ufikiaji huria wa maarifa duniani. Kiswahili kina neno moja, "wazi", kwa mlango usiofungwa na kwa maneno yanayoeleweka. Msemaji wa Kiswahili hulazimika kujua ni wazi ipi inayokusudiwa. Mtunga sera, mara nyingi, hachukui taabu hiyo. Tamko la Budapest la Februari 2002, linalohesabiwa kuwa msingi wa harakati za ufikiaji huria wa machapisho ya kitaaluma, lilitaja vikwazo vya fedha, vya kisheria na vya kiufundi. Lugha haikutajwa miongoni mwake. Vitabu vya mwaka 1996 vilikwisha kuvuka kikwazo cha fedha na cha ufundi. Vilikuwa juu ya dawati. Ila havikusomeka.

Mstari na sanduku la vitabu

Mpaka wenyewe ni kazi ya ofisi. Mwaka 1902 Waingereza waliihamisha iliyokuwa Jimbo la Mashariki la Uganda na kuiweka chini ya himaya yao ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya. Mwaka 1926 mstari ulielezwa rasmi kwa amri ya kifalme, ukifuata mito ya Sio, Malaba na Lwakhakha katika sehemu kubwa ya eneo hili. Wasamia, Wateso na Wabukusu wakajikuta pande zote mbili. Hakuna aliyewaandikia kwa lugha zao kuwaeleza kilichotokea. Walikuja kukijua kupitia kodi.

Hata hivyo, kwa muda wa miaka karibu thelathini, pande hizo mbili zilihudumiwa na chombo kimoja cha maarifa. Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki lilianzishwa mwaka 1948 chini ya ukurugenzi wa Charles Richards, makao makuu yakiwa Nairobi. Lilichapisha kwa Kiswahili, Kiganda, Kiingereza na lugha nyingine za eneo. Liliendesha pia maktaba za masanduku, yaani vitabu vilivyopakiwa na kupelekwa vituoni na kubadilishwa baada ya muda, pamoja na huduma ya kuazima vitabu kwa posta. Lilikuwa shirika la kikoloni, lenye mipaka ya kikoloni kuhusu nini Mwafrika anafaa kusoma, na hakuna sababu ya kulipamba. Lakini lilijengwa juu ya dhana ambayo haipo katika tamko la Budapest: kwamba kufikisha kitabu na kuchagua lugha ya kitabu ni kazi moja.

Dhana hiyo iliambatana na nyingine. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili, iliihusisha Uganda pamoja na Kenya, Tanganyika na Zanzibar, na katika miaka ya 1950 ilikuwa na makao yake Makerere. Ni jambo la kushangaza kidogo kwa wale waliozoea kusikia kwamba Uganda haina historia ya Kiswahili. Inayo, na ni historia ya mabishano. Gavana Gowers alipendekeza mwaka 1927 Kiswahili kipewe nafasi katika elimu na utawala. Kabaka Daudi Chwa alipinga kwa maandishi mwaka 1929. Baadaye lugha hiyo ikanasibishwa na kambi za jeshi na vituo vya polisi, na amri ya Idi Amin ya mwaka 1973 ya kuifanya lugha ya taifa haikuisafisha na sifa hiyo. Katika soko la Busia mambo yalikuwa tofauti. Huko Kiswahili kilikuwa lugha ya kupatana bei, na kimebaki hivyo. Hata neno "bodaboda", ambalo leo linasikika mbali sana na hapo, kwa kawaida huelezwa kuwa lilizaliwa hapa mpakani, kutokana na wito wa waendesha baiskeli waliobeba abiria kutoka kituo cha forodha cha upande mmoja hadi cha pili.

Mwaka 1976 Amin alidai sehemu ya magharibi ya Kenya. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Shirika la Vitabu likafa pamoja nayo. Desemba 1987 majeshi ya nchi mbili yalipambana Busia kwenyewe. Katika kipindi hicho mitaala, mitihani na wachapishaji vilitengana. Mtoto wa Busia ya Kenya alisoma Kiswahili kama somo la lazima na, tangu mfumo wa 8-4-4 kuanza mwaka 1985, akatahiniwa nalo mwishoni mwa shule ya msingi. Jirani yake wa ng'ambo, ambaye pengine ni binamu yake, hakupata lolote kati ya hayo.

Takwimu zilizosafiri

Wakati vitabu vilipokuwa vikishindwa kusomeka, eneo hilo hilo lilikuwa likizalisha maarifa ambayo dunia nzima ingeyasoma. Kuanzia mwaka 1998, shule 75 za tarafa za Budalangi na Funyula, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000, ziliingizwa kwa awamu katika mpango wa kuwapa watoto dawa za minyoo. Edward Miguel na Michael Kremer walichapisha matokeo mwaka 2004: utoro katika shule zilizopata dawa ulipungua kwa takriban robo, na hata watoto ambao hawakumeza dawa walinufaika kwa kuwa maambukizi yalipungua. Makala hayo yalishawishi sera katika nchi nyingi. Kenya yenyewe ilianza mpango wa kitaifa wa dawa za minyoo shuleni mwaka 2009. Mwaka 2019 Kremer alikuwa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya Uchumi, kwa kazi ya majaribio ya uwandani ambayo Busia ilikuwa mojawapo ya mashamba yake ya mwanzo.

Kisha likatokea jambo ambalo watetezi wa sayansi huria wana haki ya kujivunia. Waandishi walikabidhi data zao na programu za kompyuta walizotumia kuzichambua, na watafiti wa London wakazichambua upya. Mwaka 2015 wakachapisha walichokiona: kulikuwa na makosa ya hesabu, na manufaa kwa shule za mbali kidogo yalikuwa madogo kuliko ilivyodaiwa. Waandishi wa awali walikubali makosa na kutetea hitimisho lao kuu. Mabishano yakapamba moto hadi magazetini. Hivi ndivyo sayansi inavyopaswa kwenda, na bila data wazi isingewezekana. Miguel, ambaye tayari mwaka 2012 alikuwa ameasisi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kituo cha kutetea uwazi katika sayansi za jamii, ana nafasi yake katika historia hiyo.

Lakini mabishano yalihusu watoto wa Funyula, na yalifanyika kwa lugha ambayo uchunguzi wa vitabu ulikwisha kuonyesha kwamba watoto hao hawaimudu. Mzazi aliyetaka kujua kama dawa aliyopewa mwanawe ilifaa kitu, swali ambalo London na Berkeley zililijadili kwa miaka, hakuwa na mahali pa kulisikia kwa lugha yake. Ni vigumu kuliita jambo hili dogo. Ni dhahiri pia kwamba tafsiri ilikuwepo, kwa kuwa mtoto wa darasa la tatu asiyesoma Kiingereza hahojiwi kwa Kiingereza. Maswali yalitafsiriwa ili majibu yapatikane. Kilichokosekana ni safari ya kurudi.

Upande wa Tororo una hadithi inayofanana na hiyo, yenye mbu badala ya minyoo. Vipimo vya mwanzoni mwa miaka ya 2000 vilionyesha kwamba mkazi wa Tororo aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 500 kwa mwaka. Nagongera ikawa kituo cha utafiti wa muda mrefu. Kaya zilifuatiliwa kuanzia mwaka 2011, na unyunyiziaji wa dawa ndani ya nyumba, ulioanza Desemba 2014, ukashusha ugonjwa kwa kiwango kikubwa kabla haujapanda tena miaka michache baadaye. Data za kaya hizo zimewekwa katika hifadhi ya wazi mtandaoni, ambako mtafiti wa nchi yoyote anaweza kuchora grafu ya homa za Nagongera. Mkazi wa Nagongera mwenye simu anaweza kuifungua hifadhi hiyo pia. Atakutana na Kiingereza cha takwimu za epidemiolojia, ambacho hata mhitimu wa sekondari hakiwezi bila msaada.

Neno "raia"

Maarifa ya kitaaluma ni sehemu moja tu ya tatizo. Kwa muuza samaki au nafaka anayevuka Busia, taarifa yenye thamani ni ya serikali: tozo za soko, kanuni za afya, orodha za bidhaa. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani hupita bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Asiyejua hilo hulipa asichodaiwa, au hupita njia za panya na kukutana huko na hatari ambazo cheti kingemwepusha nazo. Kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa na marais wa nchi mbili Februari 2018, kilipunguza foleni. Hakikubadili haki ya kuuliza.

Haki hiyo ipo kwenye karatasi pande zote mbili. Uganda iliiweka katika ibara ya 41 ya Katiba ya 1995 na kuitungia sheria mwaka 2005, mapema kuliko nchi nyingi za Afrika. Kenya iliiweka katika ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 na kutunga sheria mwaka 2016. Zote mbili zinampa haki hiyo raia. Kwa hiyo Msamia wa Busia ya Uganda anayelipa tozo kila siku ya soko katika Busia ya Kenya anaweza kujibiwa kwa hisani ya ofisa, si kwa haki. Na Mteso wa Malaba ya Kenya anayeuza Tororo yuko katika hali ile ile. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika mwaka 2010, ilifungulia njia bidhaa, watu na huduma. Taarifa kuhusu mambo hayo imebaki nyuma ya kitambulisho.

Sheria ya Kenya, hata hivyo, ina jambo ambalo halijatumiwa ipasavyo: kifungu cha 8 kinaruhusu ombi la taarifa kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Ni mstari mmoja tu, na unatambua kwamba anayeuliza ana lugha. Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, mwaka ule ule wa sheria yake ya taarifa, lakini mambo hayo mawili hayakukutanishwa.

Novemba 2021

Mkutano Mkuu wa 41 wa UNESCO, Novemba 2021, ulipitisha Pendekezo kuhusu Sayansi Huria, na katika mkutano huo huo Julai 7 ikatangazwa kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Siku ya Kiswahili imeadhimishwa kwa ngoma na hotuba. Pendekezo halijapata ngoma, ingawa ndani yake mna jambo lililokosekana Budapest: sayansi huria inaelezwa humo kuwa ni pamoja na maarifa yaliyo katika lugha nyingi. Mapema mwaka huo wakuu wa nchi za Jumuiya walikuwa wameridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Jumuiya, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliafiki utekelezaji wa uamuzi huo. Zana za kisera, basi, hazikosekani.

Kuna pingamizi la haki hapa. Vijijini mwa Tororo wapo wasomaji wa Kidhopadhola au Kiteso ambao Kiswahili si chao, na kukifanya dawa ya kila kitu ni kurudia kosa la vitabu vya 1996 kwa lugha nyingine. Kiswahili kinafaa kama daraja la kimaandishi kati ya ofisi mbili na masoko mawili. Kwa mama wa Nagongera, redio ya lugha ya nyumbani itafika mbali zaidi. Vyote viwili vinahitaji jambo moja ambalo vibali vya utafiti vinaweza kulidai tangu siku ya kwanza. Watafiti nchini Kenya wanajua sharti la kuwasilisha nakala ya ripoti kwa mamlaka ya utafiti. Hilo ni sharti la nakala. Sharti la muhtasari katika lugha iliyotumika kuhoji lingegharimu kurasa chache, na watafsiri tayari wapo, kwa kuwa ndio waliotafsiri hojaji. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ingeweza kuandaa istilahi za pamoja ili muhtasari wa Busia ya Kenya usomeke Busia ya Uganda bila kuandikwa upya.

Watoto wa mwaka 1998 sasa ni watu wazima. Utafiti wa dawa za minyoo haukuwaacha. Wamefuatiliwa kwa miaka, na mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya miaka ishirini kuhusu mapato na matumizi yao. Baadhi yao walikuwa wamehamia Uganda, na wahoji walivuka mpaka kuwafuata.